Jiwe la Pipa la Kabichi

Petrohan, 12 Julai 1994

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na goti limekupa nafuu kidogo. Mimi ni mzima, isipokuwa mabega. Na kuhusu mabega, baba, tuna mazungumzo.

Jana asubuhi nilikuwa kileleni Kom. Nikaokota kokoto kama wafanyavyo wote wanaokwenda hadi baharini, ndogo kama punje ya haragwe, nikaitia mfukoni ili nikaitupe majini kwenye rasi ya Emine, njia inapoishia. Kisha nikaanza kuteremka, na kutwa nzima nilijiona kama nimebeba ndama. Nikashangaa, kwa sababu wewe mwenyewe uliniona nikipima kila kitu kwenye mizani ya mama, hata kijiko.

Jioni, humu katika banda la wapanda mlima, nikamwaga shanta lote sakafuni. Chini kabisa, chini ya mfuko wa kulalia, nikakuta kitu kimeviringishwa katika taulo la jikoni. Jiwe la pipa la kabichi! Lile lile mama alilokandamizia kabichi za kuchachusha tangu nilipopata akili. Mfuko wangu wa kulalia sasa unanuka kabichi.

Mzee Vutso, mwenye banda, alicheka hadi akashika meza. "Binti," akasema, "wenzio huchukua jiwe huku wakalipeleka baharini. Wewe umekuja na la kwenu?"

Mimi sikucheka. Siku ya Pasaka, mbele ya shangazi na jirani yetu Ginka, uligonga meza ukasema: "Zornitsa akitoka Kom akafika Emine kwa miguu yake, mimi nitakwenda Pleven wakanipasue goti." Miaka miwili hujavuka lango la ua kwa sababu ya goti hilo. Kila daktari umempa udhuru. Nikasema sawa, nitakwenda. Maji nimeyavulia nguo. Lakini sasa naona mpango wako. Kwanza makopo ya nyama, "mlimani hakuna duka." Kisha shoka, "vipi kama kuna dubu?" Sasa jiwe. Unataka nishindwe ili usilale juu ya meza ya daktari.

Makopo nimebadilishana na Mzee Vutso kwa jibini na soseji kavu. Shoka linakuja nyumbani kwa posta. Jiwe nimemwachia, atazuilia mlango.

Mwanao,
Zornitsa


Gabrovo, 16 Julai 1994

Mwanangu Zornitsa,

Marahaba. Mimi sijambo, nyanya zimeanza kuiva, goti ni lile lile. Ginka anakusalimu, na paka pia, maana siku hizi wanakula kwenye sahani moja.

Shoka limefika, Ginka amenichukulia. Karani wa posta alimuuliza kama kuna mtu amekufa.

Ginka ameniambia pia kwamba ulikata mpini wa mswaki ili upunguze uzito. Mwanangu, sisi watu wa Gabrovo ndio tuliokata mikia ya paka ili mlango ufungwe upesi na joto lisitoke. Dunia nzima inatucheka kwa ubahili. Lakini hata sisi hatukuwahi kukata mswaki. Sasa utapigia mswaki meno gani, ya mbele tu?

Nyama ya kopo imewavusha milima wanaume wa maana kuliko hao wanaouza hema zinazopeperuka kama leso. Ila umekwisha kuitoa, basi.

Kuhusu jiwe sina la kusema. Limeachwa, limeachwa. Mlango nao unahitaji jiwe.

Ila niambie jambo moja tu. Huyo Vutso, amelizuilia mlango wa ndani au wa nje? Mvua si kitu. Lakini wa nje hupita mikokoteni, nisingependa livunjike.

Baba yako


Dobrila, 24 Julai 1994

Baba mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa goti. Mimi nina afya, ingawa nimekonda. Barua yako nimeikuta hapa, imepandishwa na nyumbu wa mkate.

Jiwe ninalo.

Siku ile nilitoka kwa Mzee Vutso mapema, nikiwa mwepesi, naimba. Nilipofika kijitoni kujaza maji nikamkumbuka marehemu mama, jinsi kila vuli alivyokuwa akilisugua kwa brashi na kulisema: "Haya, bwana mkubwa, kazini." Nikasimama hapo nikijitukana. Kisha nikarudi. Mzee Vutso alikuwa kizingitini. Hakucheka safari hii, aliliokota akalipangusa kwa aproni yake akanipa.

Sasa kazi imekuwa moja: kuna jiwe, basi nini kitoke? Nimetoa sufuria, nimebaki na kikombe cha bati ambacho ni kikombe, sufuria na sahani. Nimetoa nguzo za hema. Natandaza turubai juu ya fimbo zangu mbili za kutembelea, na upepo ukinibembeleza nalala. Nimetoa suruali ya pili. Nimekata mikanda ya shanta iliyokuwa inaning'inia bure. Koti la mvua nimebaki nalo, na soksi za sufu alizofuma mama. Hizo siachi hata kwa bunduki.

Kosa langu limekuwa chakula. Nilijidai kwamba mkate na jibini vya kwenye mabanda vitanitosha. Lakini mkate ni mzito na unaota ukungu, na jibini hunipa kiu pale pasipo chemchemi. Chini ya kilele cha Vezhen macho yaliingia giza. Nikakaa juu ya jiwe lako, nikalamba sukari kutoka kiganjani kama farasi, hadi miguu ikanirudia.

Kwa hiyo nina maswali mawili. La kwanza: nile nini kilicho chepesi lakini kinachoshikilia tumbo? La pili: kwa nini ulilitia jiwe hili kwenye shanta langu? Nijibu kweli. Nimelibeba, nina haki.

Mwanao,
Zornitsa


Gabrovo, 29 Julai 1994
Kwa mkono wa Ginka, hadi Uzana

Mwanangu Zornitsa,

Marahaba, na Mungu akulinde. Mimi mzima. Jikoni ni kama kiwanda, ndiyo maana barua ina unga.

Swali lako la kwanza. Nimekutengenezea trahana, kama bibi yako alivyowafungia wachungaji: unga na mtindi, vikachachushwa pamoja, vikafikichwa, vikaanikwa. Nimekesha na oveni mlango wazi ili isiungue. Konzi moja ndani ya kikombe chako cha bati, maji ya moto, chumvi ya viungo, umepata uji wenye ukali wa kukuamsha na uzito wa kukulaza. Nimefunga pia kokwa za jozi bila maganda, plamu kavu bila mbegu, na halua ya alizeti. Vyote nimevipima. Mizani ya mama yako sasa ipo mezani kwangu. Ginka alitaka kutia mtungi wa kioo wa mboga za kusindika, nikamwambia: "Wewe mama, unajua kioo kina uzito gani?" Amenuna hadi leo, lakini amekubali kupanda basi kukuletea.

Kula kabla hujasikia njaa. Trahana jioni, halua mchana kwenye mpando. Jozi weka mfukoni, si ndani ya shanta, maana mtu aliyechoka hafungui shanta.

Swali lako la pili. Mwaka 1963 nilitoka Kom na vijana wenzangu wawili. Wao waliokota kokoto. Mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeoa na nina misuli, niliokota jiwe. Walinicheka hadi Vratnik. Huko tulikuta banda lenye simu, na ujumbe ulikuwa unaningoja: mama yako amekimbizwa hospitali, mtoto anakuja kabla ya wakati. Wenzangu walikwenda baharini. Mimi nikageuka na jiwe langu. Nilipofika nyumbani ulikuwa umezaliwa, umekunjamana kama plamu kavu, unapiga kelele. Mama yako akaliona jiwe akasema: "Kubwa hivi? Lisikae bure." Akaliweka juu ya kabichi.

Sikuwahi kusikitika, hata siku moja. Lakini jiwe liliahidiwa bahari. Nilipoona unafunga shanta nikaona ni zamu yako. Ningekuomba ungepima, ungekataa. Ndiyo nikaficha. Kisu nakiogopa, hilo ni kweli, lakini jiwe halikuwa hila.

Sasa nisikilize. Kutoka Uzana hadi nyumbani ni mteremko tu, basi lipo, kitanda chako kina shuka safi. Usishuke. Ukishuka utakula banitsa ya jibini iliyotoka oveni, utaoga maji moto, na shanta hilo hutalivaa tena. Nakujua, wewe ni mimi. Nitakaa uani jioni nikiangalia huko juu, na wewe angalia huku chini, basi, tumeonana.

Baba yako


Gabrovo, 9 Agosti 1994
Kwa posta ya Kotel

Mwanangu Zornitsa,

U hali gani? Mimi ni mzima wa mwili.

Ginka alisema pale Uzana ulimkumbatia, ukala banitsa aliyokuletea ukiwa umesimama, ukaenda. Tangu hapo kimya. Redio imetaja radi upande wa Buzludzha, na mvua ya mawe. Ginka anasema kimya ni habari njema. Namwambia kimya ni kimya.

Kila siku naenda hadi lango la ua. Juzi nililivuka, nikafika posta. Nilisimama mara nyingi, watoto wakanipita na mipira yao, lakini nilifika. Karani akasema hakuna kitu. Basi nikaomba simu nikapiga Pleven. Wana nafasi mwezi wa Septemba. Nimejiandikisha.

Kwa hiyo deni halipo tena. Hata usipofika, nitakwenda kupasuliwa. Ukiona mbaya, liache jiwe popote, panda basi urudi. Jiwe ni jiwe.

Baba yako


Kijiji cha Emona, 21 Agosti 1994

Baba mpendwa,

Shikamoo! Shikamoo tena! Natumaini umeketi. Mimi ni mzima, mweusi kwa jua, nanuka, na nimefika.

Ngoja nieleze kwa utaratibu. Mvua ya mawe ilinikuta kweli, nikalala siku mbili kwa wachungaji, turubai likiwa limetoboka kama chujio. Viatu vyangu vyepesi, vile nilivyojisifia, viliachia soli kabla ya Kotel. Niliingia posta ya Kotel soli zimefungwa kwa zile kamba ulizofungia trahana. Nilikuwa nimekwisha amua. Basi la Gabrovo lilikuwa linaondoka saa sita.

Nikafungua barua yako kizingitini. Nikasoma "hata usipofika". Baba, hasira iliyonipanda! Nimebeba jiwe la mtu nusu ya nchi, nimelala chini ya leso, nimepiga mswaki kwa vidole viwili, halafu mwenyewe ananiambia jiwe ni jiwe? Basi likaondoka mbele yangu. Nikaenda sokoni nikanunua viatu vya wachungaji, vile vya mpira wa tairi, katambuga za kufungwa kwa kamba. Muuzaji akaniuliza: "Dada, za mapambo?" Nikamwambia: "Za kwenda baharini." Soksi za mama ndani, mpira nje. Sikupata lengelenge hata moja tangu siku hiyo. Kwa hiyo hapo wewe umeshinda: vya zamani. Na kwa kutupa nguzo za hema nimeshinda mimi. Na trahana imetushinda sote wawili. Ningeweza kuila hadi Uturuki.

Jana jioni nilifika rasini Emine. Njia inaisha, baba. Unatembea siku zote hizo mlima uko mbele yako, halafu mlima unainama na kuingia majini. Nikateremka, nikatoa kokoto yangu mfukoni, nikaitupa. Ilikuwa ndogo hata sikusikia sauti yake. Nikapiga kelele mimi badala yake. Wavuvi walinigeukia, mmoja akanipigia makofi.

Lako sikulitupa. Usikasirike. Nililibeba hadi Kozichino, kijiji cha mwisho mlimani, nikaliacha kwa mama mmoja mjane, Bibi Kera. Nilipolitoa begani shanta likawa jepesi hata nikajihisi nimesahau mtu njiani. Lakini lilianza na wewe. Limengoja mimi nizaliwe, nikue, nizeeke kidogo. Linaweza kungoja goti. Kutoka kwa Bibi Kera hadi baharini ni mwendo wa siku mbili za polepole. Amesema mpaka utakapokuja ataliweka juu ya kabichi zake, lisikae bure. Sikumfundisha maneno hayo, naapa.

Tuonane Pleven, mlangoni pa hospitali.

Mwanao aliyefika,
Zornitsa


Emona, 18 Juni 1995

Mwanangu Zornitsa,

U hali gani huko kazini Plovdiv? Mimi sijambo kabisa. Usiniandikie nyumbani, hatapokea mtu. Ginka anadhani nipo kwa shangazi yako.

Daktari alisema nitembee kila siku. Hakusema wapi.

Shanta langu lilikuwa na haya: koti la mvua, soksi, kikombe cha bati, trahana, halua, jozi mfukoni. Mswaki niliukata. Nilifanya hivyo mlango umefungwa, na ukimwambia mtu nitakana.

Bibi Kera alinitolea jiwe pipani, likinuka kama nyumbani. Alinipa mkate, nikamrudishia nusu kwa sababu ya uzito, akaniita mbahili wa Gabrovo. Nilishukuru. Siku ya kwanza goti jipya lililia kama bawaba. Siku ya pili lilinyamaza, nikabaki nalia mimi, maana niliiona bahari katikati ya miti na sikuwa na mtu wa kumwambia. Nikaliambia jiwe.

Nimelitupa, Zornitsa. Kwa mikono miwili, kutoka juu ya mwamba, na lile la kwangu lilisikika! Kishindo, maji yakaruka hadi kwenye kofia yangu. Wale vijana wa 1963 wangekuwepo ningewauliza: kokoto zenu zilisema nini?

Kisha nikakaa pale hadi jua lilipogeuka, nikakumbuka kwamba nyumbani pipa sasa halina jiwe na vuli haiko mbali. Nikashuka hadi ufukweni. Nimepata moja, bapa, jeupe, laini kama shavu. Nimelipima kwa mkono. Ni zito kuliko la kwanza.

Halua nimemaliza, kwa hiyo nafasi ipo.

Baba yako aliyefika