Nilikimbia na Muhuri

Mjukuu wangu Mutheu,

Nakusihi usimwonyeshe mtu barua hii, hata mama yako. Sisi huku Nuu tu wazima, na mbuzi wako amezaa mapacha. Nakuzidi miaka sita tu, lakini kiukoo mimi ni nyanya yako, kwa hiyo nikujibu swali la barua yako: Mkristo hushindaje majaribu?

Mwaka jana mzee wa kanisa letu alikuja ofisini kwa chifu, ambako mimi ni karani. Alitaka niandike kwamba bintiye ana miaka kumi na minane ili amwoze. Msichana alikuwa na kumi na mitano. Nilimfundisha shule ya Jumapili.

"Karani, kwani wino ni wako? Piga muhuri," alisema, akaweka mtungi wa asali mezani.

Nilijiona nikilegea. Nikatia muhuri mfukoni, nikakimbia, sweta langu likabaki kitini.

Jumapili akalishika mbele ya kanisa. "Nani huyu ameacha nguo kama Yusufu?" Watu wakacheka. Hasira haijaniisha. Amesahau ni nani aliyebaki ameshika vazi la Yusufu.

Usinipigie simu ofisini, yeye hushinda hapo. Tuma barua kwa mwalimu mkuu wa sekondari. Msichana yule bado yuko darasani, ataniletea.