Glavu ya Kuchumia Peasi

Sharifa, nimempiga mtu.

Unaijua ile glavu yangu ya raba, niliyoitengeneza kwa kuiga vijiufa vya mguu wa buibui vinavyohisi mguso, inayopima vidole vinabonyeza kiasi gani ili wachumaji wasiumize peasi. Leo nilikuwa naionyesha kwa wamama wachumaji wa Vuga, wageni wa chuo wamekaa mbele, namba zinaonekana ukutani.

Lucian, yule dalali wa matunda, akapita nyuma yangu akanishika makalio. Mbele ya watu wote. Akasema, "Na hili limeiva?"

Nikageuka nikamzaba kibao. Na glavu mkononi, Sharifa. Na glavu.

Akaangukia matenga, mdomo damu tupu, jino likabaki sakafuni.

Kwa peasi glavu ilikuwa imesoma mbili. Kwake imesoma mia tatu na kumi, ukutani, kila mtu anaona.

Nikajua kazi sina tena.

Lucian akainuka anifuate. Wamama wakawa wameshanizunguka. Mmoja, mtu mzima kabisa, akanyoosha mkono wake. "Mwanangu, nivalishe na mimi. Mwaka jana alinishika mimi."

Nyuma yake foleni ilikuwa imefika mlangoni.