Mwanamke wa Uzi

Jumatano, Ibra, Oman. Vumbi tangu asubuhi, jua limepauka, nami nimepauka vilevile. Leo nimerudi kazini chuoni baada ya msiba wa shangazi yangu, Bi Zuwena, na kichwa bado hakijakaa sawa.

Shangazi hakuolewa. Naliandika hili mwanzo kwa sababu ndilo walilosema mwanzo wote waliokuja kuhani. Maskini, kaondoka hana mume wala mtoto. Wanakula halwa, wanakunywa kahawa, wanasema maskini.

Mimi nina miaka arobaini na moja, na sijaolewa pia.

Kuna mtu ameleta posa. Ana mke na watoto Nizwa, anataka wa pili. Simjui kwa ubaya wala kwa uzuri. Jibu linatakiwa kesho, na mama hanipi nafasi ya kupumua. "Mume ni stara, mwanangu," ananambia, "hata akiwa nusu. Au unataka uje ufe kama wifi yangu?" Mama si mtu mbaya. Anaogopa tu, na woga wake nimeurithi mzima mzima.

Sasa leo darasani. Nasomesha Kiingereza, na katika hadithi ya zamani tuliyokuwa tukisoma likatokea neno "spinster". Mwanafunzi akauliza maana yake. Nikamwambia ni mwanamke aliyepitwa na wakati wa kuolewa, neno la kejeli, siku hizi watu hawalipendi. Kipindi kilipokwisha nikaenda maktaba kulitafuta katika kamusi kubwa, kwa hasira, kama mtu anayemfuata aliyemtukana.

Kumbe mwanzo wake halikuwa tusi. Lilikuwa kazi. Zamani huko Uingereza aliitwa hivyo mwanamke anayesokota uzi, akala kwa uzi huo na akalisha wengine. Liliandikwa baada ya jina lake, kama seremala anavyoandikwa seremala. Baadaye mahakama zikalichukua, likawa la kila mwanamke asiyeolewa, hata asiyejua kusokota. Mwisho kazi ikasahauliwa, ikabaki ile "hana mume", nayo ikageuzwa aibu.

Nikakaa pale pale nikalia. Sikujali nani ananiona.

Kwa sababu shangazi alikuwa mshona kofia. Familia ilipofika hapa kutoka Unguja haina kitu, sindano yake ndiyo iliyowalisha, ndiyo iliyomsomesha baba, Mungu amrehemu. Kila bwana harusi wa ukoo huu amevaa kofia ya mkono wake. Imekuwa ada, hata wenye uwezo wao hawakuthubutu kwenda kununua dukani. Siku ya maziko nilichungulia dirishani jeneza likitoka. Wanaume waliolibeba, karibu wote, walikuwa na kofia zake vichwani. Hakuna hata mmoja aliyelitaja hilo.

Mimi na mama ndio tuliomkosha kabla hajavishwa sanda. Nilipofika mkono wa kushoto nikakuta ncha ya kidole imekakamaa, ngumu kama kokwa ya tende, pale sindano ilipokuwa ikitokea miaka yote ile. Nikakisugua kidole kile polepole. Mama akanambia nifanye haraka, maji yanapoa.

Jioni hii kaniuliza tena kuhusu posa. Nilipoendelea kukusanya vyombo akalisema lile analojua litaniuma: "Na wewe atakukosha nani?"

Shangazi alikuwa na mimi. Mimi sina wa kwangu.

Nimemwambia hapana.

Hakugomba. Amechukua msala wake, amekwenda kuswali, kaniacha na vyombo. Nimeviosha, nimevipanga. Kesho huyo bwana ataambiwa. Naogopa kuliko nilivyoogopa jana, na jibu ni hilo hilo.