Saratani Isiyo na Mwenyewe

Ivanjica, 4 Machi

Mwanangu Nevena,

Hujambo? Mumeo naye hajambo? Mimi nipo, ila wananichosha.

Nilikuficha. Chakula kinanikwama kifuani, na pale umio unapoingia tumboni wamekuta saratani. Daktari wa kifua anasema ni ya tumbo, niende kwa mwenzake. Wa tumbo anasema imeanzia kwenye umio, nirudi kwa wa kifua. Kumbe tumbo langu limepanda kifuani, na ule mpaka wa umio na tumbo hauonekani vizuri. Nimekuwa kama lile bonde kati yetu na jirani Tadija: wakati wa kufyeka halina mwenyewe.

Supu inapita. Usilie.

Baba yako


Vienna, 11 Machi

Baba,

Shikamoo. Afya yako sikuulizi, utanidanganya tena.

Desemba, sikukuu ya mtakatifu wa nyumba yetu, nilikula samaki na maharagwe mpaka nikalegeza mkanda. Wewe mwenye nyumba ulisimama kutwa ukiwamiminia wageni rakia, ile pombe kali ya matunda, kama desturi inavyotaka. Nani angejua hukumeza hata tonge? Nimekukasirikia, na mimi mwenyewe nimejikasirikia zaidi.

Daktari wa huku kasema wapime katikati ya uvimbe iko sentimita ngapi kutoka mpakani. Ikiwa juu, ni wa umio. Chini, wa tumbo. Ikiwa pale pale, ni aina ya kati, na wote wawili wakae meza moja. Usiondoke mlangoni kwao mpaka wakae.

Binti yako


Ivanjica, 20 Mei

Mwanangu,

Natumai mu wazima. Wamekaa, baada ya mimi kuota mizizi kwenye benchi lao. Wamepima: aina ya kati. Wakapeana mikono kama watu waliomwoza binti.

Kisha picha mpya ikaonyesha imefika kwenye ini. Kisu hakifai tena, sasa natundikiwa dawa za mshipani. Saratani imepata jina, mimi nimechelewa. Inaniuma sana, Nevena.

Tadija kafyeka bonde lote. Hakuuliza ni la nani.

Baba yako


Vienna, 2 Desemba

Baba,

Shikamoo. Tunakuja sikukuu. Safari hii mimi nitasimama, nitamimina, na wewe utakaa. Ami Vidoje akinuna, anune. Nataka kuona kila kijiko kinavyoshuka.

Binti yako


Ivanjica, 9 Desemba

Mwanangu,

Siku ile mwanamke hasimami badala ya mwenye nyumba, unajua vizuri.

Njoo usimame. Kiti changu nimeshakisogeza karibu na jiko.

Baba