Tumbaku Uliyoifunga kwa Mkono wa Kushoto

Shambani kwa Bwana Woren,
Amerika.
Mwezi wa kumi na moja.

Mke wangu Kandida, Mama Otilia,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakuona unaitikia huku unafuta mikono kwenye kanga kabla hujaigusa bahasha. Ifungue polepole. Ndani nimetia kitu kinachovunjika upesi, usikitupe ukidhani ni takataka za njiani. Nitakueleza. Na barua hii usimpe Otilia akusomee. Isome mwenyewe, hata kama itakuchukua siku mbili.

Hamjambo nyote? Mguu wa mama umepungua uvimbe? Mvua zimeshika? Na bani letu la kukaushia tumbaku, ule ufa wa mlangoni mliusiliba, au bado moshi wetu unawakaushia majirani? Mimi mwili haujambo. Nakula na kusali. Baridi imeanza, navaa soksi jozi mbili, na Esteban ananicheka.

Esteban nilikwisha kukutajia, yule Mmeksiko ninayekaa naye chumba kimoja. Ni Mkatoliki kama sisi. Rozari tunasali pamoja, yeye kwa lugha yake na mimi kwa Kiswahili, tunakutana kwenye Amina. Juzi nilimwambia nimechoka, akanijibu, "Osmundo, wewe na mimi tuna Mungu mmoja na bosi mmoja. Ila Mungu anatoa Jumapili."

Umeniandikia kwamba watu wanauliza kama nimeoa huku. Waambie sijaoa, nimeolewa, tena na karatasi. Kibali changu kimeandikwa jina la Bwana Woren, na kila mwaka ni yeye anayekiombea upya. Pasi yangu iko katika kabati lake la chuma. Anasema ni kwa usalama. Sina ruhusa ya kufanya kazi hata kwa jirani ambaye paa lake naliona kutoka dirishani. Nikitoka lango hili bila idhini yake, nimekwisha kuwa mhalifu kabla sijafika barabarani. Nauli ya kurudi waliahidi mwisho wa mkataba, na mwisho wa mkataba kila mwaka unasogezwa mbele. Na wewe unajua Otilia anasoma kwa masista kwa mgongo wangu huu. Kwa hiyo nimekaa.

Wala si mtu mbaya, Mama Otilia, na hilo ndilo linalonichanganya. Jumapili ananipeleka kanisani kwa gari lake, ingawa yeye si wa dini yetu. Alipofiwa na mkewe nilimsaidia kubeba jeneza. Lakini tumbaku ikiguswa, anakuwa mtu mwingine.

Unakumbuka siku ile pale ghalani Songea, yule mtaalamu aliyekuja na wanunuzi binafsi aliponifunga kitambaa machoni, nikaitaja tumbaku daraja lake kwa vidole na pua tu? Mliona fahari. Hata mimi niliona fahari, ndiyo iliyonileta huku ghala letu lilipofungwa. Sasa vidole hivyohivyo ndivyo vilivyonitia katika jambo ninalotaka kukwambia.

Wiki nne zilizopita lilikuja kontena la tumbaku ya nje. Kampuni moja ya huku imeinunua ichanganywe na ya kwao kwa kuwa ni rahisi, na imekodi ghala la Bwana Woren. Akaniita asubuhi. "Osmund, wewe ndiye unayejua haya majani ya Afrika. Pima, uandike madaraja."

Nilipokata kamba ya robota la kwanza, moshi ulinipiga usoni. Wenzetu huku wanakausha kwa maranda ya mbao, moshi wake una utamu kidogo. Huu ulikuwa moshi wa kuni za miyombo ya kwetu. Nikasimama kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la nyumbani. Nilitazama alama za gunia: Songea. Siku hizi, kwa kuwa hakuna wa kuisindika kule, wanaileta ikiwa mafungu vilevile mlivyoyafunga.

Nikaendelea. Robota la sita nikatoa fungu, na nilipolishika mkono ulijua kabla ya kichwa. Jani la kufungia limezungushwa kushoto, ncha yake imechomekwa moyoni, ikabaki kiulimi kidogo nje. Nikatoa la pili. Kushoto. La tatu, kushoto. Kandida, wanawake wote wa chama chetu cha ushirika wanafunga kulia. Mama alikuwa akikutania, "Huyu mkwe wangu wa mashoto hata tumbaku inamshangaa!" nawe ukimjibu, "Mama, ikishangaa haifunguki." Ni wewe, au ni Otilia uliyemfundisha.

Nilikaa juu ya robota nikalia. Nimekaa miaka mitatu nikiuliza lini nitakuona, na mikono yako imekuja yenyewe, imevuka bahari, bila kibali.

Nikafungua fungu katikati, maana wewe unajua wakulima wetu, wengine huficha majani mabovu ndani. Lako lilikuwa safi hadi moyoni. Rangi kama kahawa iliyokolea, jani lina mafuta. Nikaandika daraja la kwanza.

Bwana Woren akaja na kadi zangu za madaraja mkononi.

"Osmund, hii ni ya kwanza?"

"Ndiyo, bwana."

"Tazama tena."

"Nimetazama, bwana. Ni ya kwanza."

Akacheka kidogo, akaketi karibu yangu kama ndugu. Akaniambia majirani zake wana hasira, tumbaku ya nje inashusha bei ya tumbaku yao. Kampuni nayo inataka sababu ya kudai ipunguziwe bei. Karatasi ikisema daraja la tatu, wote watalala vizuri. Kisha akasema taratibu, "Kibali chako kinakwisha mwezi ujao. Sijajaza fomu bado. Tazama tena, Osmund."

Esteban alikuwa anafagia pale. Hakuinua kichwa, ila ufagio ulisimama.

Nikatazama tena. Nikaandika la tatu. Robota zima, na mengine yote ya Songea, kwa mkono wangu huu uliokuvisha pete. Siku ya pili yake alijaza fomu.

Nilikwenda kuungama. Padre hajui Kiswahili, nilimweleza kwa Kiingereza changu cha kuokota. Akasema dhambi ni ya aliyenilazimisha, niende kwa amani, wala hakunipa malipizi. Sikupata amani. Nikajipa malipizi mwenyewe: kukuandikia wewe, si mtu mwingine.

Tena kuna hili. Kule nyumbani tuliambiwa serikali imwache mkulima ajitegemee, mbolea ipande, eti ndiyo dawa ya uchumi, na wenye nguvu wa huku ndio waliotuandikia dawa hiyo. Lakini serikali ya huku, Kandida, inamshika Bwana Woren mkono wa kulia na wa kushoto. Bei ikianguka inamwinua. Nilimwuliza Esteban mbona wao hawainywi dawa yao. Akasema, "Daktari hanywi dawa ya mgonjwa." Kwao nako mahindi ya bei rahisi ya huku yamewafukuza shambani.

Sokoni mwakani mnunuzi atakuja na karatasi. Atawaambia tumbaku ya Songea imekuwa mbaya, wataalamu wa Amerika wamethibitisha. Mtaalamu huyo ni mimi. Ukiamua kuacha tumbaku ukalima mahindi na muhogo tule tu, sitakuuliza. Ukiamua kumweleza mwenyekiti wa chama, mweleze, na jina langu ulitaje. Nimefikiri sana juu ya sentensi hii kabla ya kuiandika. Najua habari hii ikifika masikioni mwa wanunuzi, inaweza kurudi hadi huku. Mimi siwezi kulisema neno hili nikiwa ndani ya lango hili. Wewe uko nje yake.

Msalimie mama, mpe shikamoo yangu kwa magoti. Kaka Zavery wa Msamala, anayetupokelea barua, mshukuru, ila hii asiisome. Katekista wetu aniombee bila kuuliza ni kwa nini. Otilia mwambie baba yake ameona kazi yake na ni nzuri.

Kilichomo ndani ya bahasha ni jani la kufungia kutoka fungu lako. Nililitoa nikalificha katika kitabu changu cha sala kabla robota halijafungwa. Likiwa limevunjika njiani, vipande vitazame mkunjo, utaujua. Siku watakapokwambia daraja la tatu, usiitazame mikono yako, Kandida. Mikono yako haikukosea kitu. Uliokosea ni mkono wangu.

Mumeo anayekuheshimu,
Osmund, Baba Otilia