Gauni Lenye Kiraka cha Jani

Dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mama naye mguu umepungua kuvimba. Mimi mwili haujambo. Moyo ndio una malalamiko, na leo utayasikia yote. Mpe mama shikamoo yangu, umwambie ile sweta aliyonifumia naivaa kazini kila siku, maana kiyoyozi cha kule kinatugandisha kama nyama buchani.

Utashangaa kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Wewe mwenyewe unajijua: kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi, na mama lazima asikilize kwa spika. Shemeji anakuja huko kesho, nitampa barua hii akukabidhi mkononi. Isome peke yako kwanza. Na kabla hujaimaliza, nakuomba usimpe yule fundi jirani cherehani yako. Umesema atakuja kuichukua Jumamosi. Mwambie asubiri.

Nilipopata ujumbe wako kwamba unafunga chumba chako cha ushonaji uje kuomba kazi kwetu, nilikaa kitandani nikashindwa hata kuvua viatu. Umesema umeniona kwenye picha ya kampuni nimevaa gauni ulilonishonea, nacheka mpaka jino la mwisho linaonekana, na kwamba watu wanaothamini kazi ya mkono wako namna ile hawawezi kukunyima nafasi. Ukasema umechoka kushona sare za shule na kubadilisha zipu za watu wenye maneno mengi. Nakuelewa, dada. Lakini hebu nikueleze mahali penyewe palivyo.

Kwetu hakuna bosi. Eti sisi ni familia. Mwenye kampuni anataka aitwe Kaka Mkubwa, na huyo kaka mkubwa nimemzidi umri, ila ndiyo hivyo, namwita na tabasamu juu. Tunauza nguo mtandaoni, kwa hiyo hakuna duka wala mteja wa kugusa kitambaa. Chini kuna ghala, juu kuna ofisi, na mimi niko juu kwenye meza ya kujibu wateja: aliyeletewa saizi siyo, aliyekuta kifungo hakipo, anayetaka kurudisha. Kila asubuhi kabla ya kuwasha kompyuta tunasimama duara, kila mmoja anataja kitu anachoshukuru. Siku moja nilisema nashukuru kwamba ni Ijumaa. Weee! Niliitwa pembeni nikaulizwa kama nina matatizo nyumbani.

Ukutani kuna skrini kubwa yenye majina yetu. Anayejibu haraka anawekewa kisura kinachocheka, anayechelewa kisura kinacholia. Ukienda chooni, kisura chako kinaanza kununa ukiwa hukohuko. Chakula tunakula mkono mmoja uko kwenye kibodi, halafu Kaka Mkubwa anapita anatuuliza kwa nini hatupumziki, kwani afya zetu hatuzipendi? Chumba cha kupumzikia kipo, kina viti vya rangi rangi na maua ya plastiki. Sijawahi kuona mtu kakaa mle isipokuwa siku ya kupiga picha.

Jirani yangu wa meza alikuwa mwanamke mmoja mcheshi sana tuliyemwita Mama Pacha. Watoto wake wote wawili walishikwa na homa kwa pamoja, akaomba ruhusa. Kaka Mkubwa alimkumbatia mbele yetu, akamwambia familia inaelewa, aende bila wasiwasi. Aliporudi alikuta mtu mwingine kakalia kiti chake, akaelezwa kwamba familia imeona anahitaji muda zaidi na watoto. Wakamkatia keki ya kumuaga, tukaambiwa tusogee tutabasamu tupigwe picha. Akaninong'oneza kwamba hata sukari kwenye keki wamemnyima. Nilicheka, kisha nikaingia chooni nikalia, na kule ukutani kisura changu nacho kikawa kinalia.

Sasa nije kwenye gauni. Bila shaka unakumbuka: ulikuwa unalipiga pasi, mimi naigiza mama anavyobishana na muuza nyanya, ukacheka ukasahau pasi, ikaacha alama ya kahawia kwenye paja la kushoto. Ulinitukana matusi yote unayoyajua, ukakata jani kutoka kwenye kipande kilichobaki cha pazia la mama, ukalishonea palepale. Nililivaa kazini Ijumaa moja. Mkuu wa mitindo, mwanamume mmoja wa miwani mikubwa, akanisimamisha kwenye korido, akanigeuza mbele na nyuma, akapiga picha, akanivisha kilemba cha ukoka mpaka nikavimba kichwa. Nikamwambia kwa maringo kwamba amelishona dada yangu. Akataka kuona hata mishono ya ndani ya pindo. Nilirudi mezani nikiamini atakutafuta.

Hakukutafuta. Siku ya kuonyeshwa nguo mpya tukaitwa wote, na nani akatokea kwenye skrini kama si gauni lako? Rangi ileile, mkato uleule, na jani kwenye paja la kushoto. Haki ya nani, dada, wamenakili mpaka pasi ilipounguza! Wao wanadhani ni pambo. Mkuu wa mitindo akasimama akasema wazo lilimjia asubuhi moja alipokuta jani limeanguka kwenye kioo cha gari lake. Alisema kwa hisia, sauti inamtetemeka. Watu wakapiga makofi.

Na mimi nikapiga. Hilo ndilo nililoshindwa kukuambia kwa simu. Alinitazama usoni, anajua kwamba najua, na mikono yangu hii ikapiga makofi. Nilikuwa nafikiria kodi ya chumba, nafikiria Mama Pacha, sijui nilikuwa nafikiria nini. Kisha wakasema gauni litanikaa vizuri, nilivae nipigwe picha. Ndiyo hiyo picha uliyoiona. Lile si gauni lako. Lako liko hapa, nimelivaa ninapoandika. Hakuna mtu huku anayethamini mkono wako, dada. Wameiba kazi yako, nami nikasimama mbele ya kamera nikawachekea. Roho inaniuma na aibu haina pa kwenda.

Lakini sijamaliza. Lile jani lao wamelibandika kwa gundi, likifuliwa linabanduka, na wateja wanaolalamika wanakuja kwangu. Nimepewa jibu moja la kumtumia kila mtu, kwamba jani ni ubunifu wa nyumba yetu ya mitindo na kubanduka kwake ni sehemu ya safari ya vazi. Safari ya kwenda wapi, sijaambiwa. Nimelituma jibu hilo mpaka vidole vinaliandika vyenyewe. Juzi mama mmoja akaandika kwamba amelibandua lote aone linaficha nini, akakuta kitambaa kizima, sasa anauliza ni kiraka gani hicho kisichofunika kitu. Nikashindwa kujizuia. Nikamwandikia kwamba kiraka cha kwanza kilifunika alama ya pasi, na aliyeunguza ni dada yangu, fundi wa nguo, kwa sababu alikuwa anacheka. Nikabonyeza kutuma.

Majibu yetu yanasomwa. Kesho asubuhi natakiwa kusimama katikati ya duara niiombe familia radhi. Siombi. Nitavaa gauni lako, na zamu yangu ya kushukuru ikifika nitamshukuru fundi aliyelishona, nieleze pasi na pazia la mama, huku namtazama yule wa miwani. Makofi sitarajii. Najua jioni yake nitakatiwa keki, na wakiniambia nitabasamu kwa picha watanisubiri sana.

Kwa hiyo mimi ndiye nitakayekuja huko, si wewe kuja huku. Niwekee kiti karibu na mlango. Zipu sijui kubadilisha, lakini hao watu wako wenye maneno mengi niachie mimi, nimewazoea.

Na yule mama alinijibu. Hakuuliza habari ya kurudishiwa hela. Aliuliza huyo dada anashona wapi. Kumbe anaishi mji wa jirani na huo wenu. Nimempa namba yako, na wiki ijayo atakuja na kitambaa chake. Hakikisha anakukuta wewe na cherehani yako. Na nakuomba sana, la kwake usiliunguze.

Msalimie mama, msalimie na muuza nyanya kama bado wanaelewana. Ukikasirika kwa ajili ya yale makofi, kasirika, nitakukuta hivyohivyo.

Ni mimi mdogo wako,
mwenye gauni la kwanza.