Mafundo Mawili kwenye Kanzu Yangu

Kaka Sefu, uliye chini ya mchanga wa Maskati,

Nna miaka themanini na nane. Nimezika wake wawili, meno yangu yote yamekwenda nikabaki, mapinduzi yamepita nikabaki, na wewe uliyejisifu kuwa utanizika mimi, umekwenda nikabaki. Barua hii naandika kwa mkono wangu. Chuoni niliishia juzuu ya Amma, lakini simwombi mtu aniandikie.

Unaikumbuka nyumba yetu ya makuti nje ya lango la mji, mwaka wa pili tangu tukimbie Unguja? Ng'ambo ya njia walikaa Wazatti, wahunzi wa visu na wapiga ngoma. Harusi ya nani Maskati ilinoga bila wao? Lakini wewe kikombe walichonywea kahawa ulikitenga. Mjukuu wangu aliyesoma kanambia huko Ulaya wana jamaa zao wa mbali, Waroma, na nao hutengwa hivyo hivyo.

Asubuhi ile Shamsa, mke wa Mubarak mhunzi, aliingia kwetu mbio, shavu limevimba, jino lake kalishika mkononi kama mtu aliyeokota kifungo. Akakamata pindo la kanzu yangu, akalifunga fundo na ncha ya shela yake. Mimi mtu wa Unguja nilidhani kachanganyikiwa. Wewe uliyetangulia kufika Omani uliijua desturi: mwenye kukufungia fundo kaingia katika ulinzi wako, na ukimtoa umejivunjia heshima. Uliijua, ukacheka.

"Mfungue huyo, Masudi. Wazatti ndivyo walivyo. Mwanamke wao asipopigwa hudhani hapendwi."

"Nani kakwambia?" Shamsa akakuuliza. "Umelala kwetu?"

Uliinama, kaka, kulifungua fundo. Hapo mkeo Asha akatoka jikoni, mikono ina unga. Akashika pindo la pili la kanzu yangu, akafunga ncha ya kanga yake.

"Na mimi, shemegi," akasema.

Uso wako ulivyokuwa! Mtu aliyejua desturi za Wazatti wote hakujua kuwa sisi tunajua kwa nini mkewe anavaa mikono mirefu mbele ya moto.

Mubarak alikuja na nyundo. Nilisimama mlangoni na wanawake wawili nyuma yangu, sikurudi hata unyayo. Wewe ulikuwa wapi? Chumbani, unatafuta kofia. Nilimwambia, "Piga. Nyundo yako ianze kwa mwanamume leo, ione tofauti." Hakupiga. Wapiga wake hawapigi wanaume, hilo nimelijua kwa watu wa kila kabila.

Baada ya alasiri wakaja wazee wa Shamsa. Baba yake, mpiga ngoma, hakupandisha sauti. Alimwambia mkwewe, "Mikono tulikusifia kwa kufua chuma." Talaka ikatolewa pale pale mbele yangu, na Mubarak akaondoka macho chini. Kumbe hata kwao ilikuwa aibu! Desturi ya kupiga wake uliwazulia wewe.

Shamsa akalifungua fundo lake mwenyewe, akanibusu bega, akenda na baba yake.

Likabaki la Asha. Hakuna wazee waliokuja, sisi watu wa heshima. Ukaniita pembeni: "Masudi, mimi kwako ni baba. Ya nyumbani hayatoki nje." Na mimi, niliyemsimamisha mhunzi na nyundo yake, nikalifungua kwa vidole vyangu hivi. Asha alinitazama tu, akarudi kwenye unga wake.

Nakudharau, kaka, na miaka yote hii sijachoka. Lakini nisiseme uwongo karibu na kaburi: nikijinyoa asubuhi mbele ya kioo, dharau hiyo hainipiti.

Buriani. Sikuombei mabaya, sikuombei mema. Atakayesema mzee huyu anaota, aende mtaa wa Hail, Maskati, kwa binti yako, amkute Asha. Yu hai. Wala asimuulize kitu, amwombe tu aunyooshe mkono wa kushoto, aone kama utanyooka.

Mdogo wako kwa kuzaliwa tu,
Masudi